Kiu ya Fedha, Jua la Ruai

Asikiaye maneno "kiu ya Fedha" kwa mara ya kwanza hudhani yanahusu uchu wa pesa. Kwa mkaazi wa Embakasi, mashariki mwa jiji la Nairobi, maneno hayo yana maana nyingine iliyo karibu zaidi na koo. Fedha ni mtaa. Umejirani na Tassia na Nyayo, una majumba ya ghorofa yaliyosongamana hadi jua la asubuhi huwafikia wa orofa za juu peke yao, na kiu yake ni kiu hasa, ya maji.

Mnamo Januari 2017, kina cha bwawa la Ndakaini kiliposhuka mno, Kampuni ya Maji na Majitaka ya Jiji la Nairobi ilianza kugawa maji kwa ratiba, kila mtaa na siku zake. Tangu hapo mgao umekuwa sehemu ya maisha ya Eastlands kama ulivyo msongamano wa magari. Siku ya maji ikiwadia, mfereji hukohoa hewa kabla ya kutoa chochote, na kila chombo cha nyumbani, kuanzia pipa hadi sufuria, huwekwa foleni. Siku nyingine zote ni za lori la maji lililoagizwa na mwenye ploti, au za mikokoteni ya mitungi ya lita 20, au za kisima kilichochimbwa uani. Maji ya visima vya Nairobi nayo yana hila zake, kwani mengi yana floraidi kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, na meno ya watoto hayakawii kutoa ushahidi.

Ajabu ni kwamba maji hayo yaliyosakwa kwa jasho na kulipiwa kwa shida hukaa ndani ya nyumba kwa muda mfupi sana. Huingia kwa mtungi asubuhi na kufikia jioni yamekwisha kwenda zake kupitia tundu la sinki na bomba la choo. Mtaa usio na maji hutoa maji kila siku. Hakuna anayeyahesabu kuwa maji kwa sababu yamebadilishwa jina, yakaitwa majitaka.

Majitaka ya Eastlands yanayobahatika kuingia katika mabomba makuu huteremka yenyewe kuelekea mashariki, kwa kuwa ardhi ya Nairobi imeinama upande huo. Sehemu huishia katika mtambo wa Kariobangi, uliojengwa miaka ya 1960. Sehemu kubwa zaidi huendelea hadi Ruai, yapata kilomita 30 kutoka katikati ya jiji, kwenye mabwawa yajulikanayo kwa jina la Dandora japo hayamo Dandora. Ni miongoni mwa mabwawa makubwa zaidi ya aina yake barani Afrika. Wapenda ndege huyajua vizuri kuliko walipa kodi wa jiji, kwani mabata na ndege wengine wa majini hukusanyika huko kwa wingi.

Kinachofanyika Ruai kinastahili kuelezwa kwa makini, maana katika mijadala mingi kuhusu nishati ya jua watu huwaza vioo vyeusi vya paneli juu ya paa na kusahau kwamba Nairobi imekuwa ikisafisha majitaka kwa jua tangu mwishoni mwa miaka ya 1970. Bwawa la kwanza huwa na kina kirefu cha mita tatu au zaidi, halina hewa, nalo huachia uchafu mzito utuame na kuozeshwa na bakteria wasiohitaji oksijeni. Kutoka hapo maji huhamia bwawa la kina kifupi zaidi, na hapo ndipo jua linapoanza kazi. Mimea midogo ya kijani, jamii ya mwani, hufanya usanisinuru mchana kutwa na kujaza maji oksijeni. Oksijeni hiyo ndiyo wanayoivuta bakteria wa aina nyingine wanaomeng'enya uchafu uliosalia. Bakteria nao hutoa hewa ya ukaa ambayo mwani huihitaji. Ni mkataba wa kulishana usio na wakili. Mabwawa ya mwisho ni mafupi zaidi na hupenywa na mwanga hadi chini. Humo miale ya urujuanimno huua viini vya maradhi, na mwani, kwa kuinyonya hewa ya ukaa, huyafanya maji kuwa na ualkali ambao viini vingi haviustahimili. Mayai ya minyoo huzama taratibu na kubaki kwenye tope. Kazi yote huchukua siku nyingi, wala haihitaji injini ya kuzungusha maji au dawa ya kununuliwa ng'ambo. Katika mitambo ya kisasa inayopuliza hewa kwa mashine, upulizaji huo pekee waweza kula nusu ya umeme wote unaotumika. Ruai jua hupuliza bure.

Nairobi iko digrii moja na ushei kusini mwa ikweta, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700. Nchi ya Kenya kwa jumla hupata kati ya kilowati-saa nne na sita za jua kwa kila mita moja ya mraba kwa siku. Miji ya Ulaya iliyoifundisha Nairobi namna ya kujenga mabomba haina utajiri kama huo, na pengine ndiyo sababu kila mradi mpya unapotajwa, mtambo wenye mota huonekana kuwa maendeleo ilhali bwawa huonekana kuwa ushamba.

Baada ya jua kumaliza kazi, maji hayo humwagwa mtoni, na hapo ndipo hoja ya makala haya ilipo. Hutoka Ruai yakaingia Mto Nairobi, ambao huungana na Mto Athi. Athi huteremka kupitia Ukambani, hubadilisha jina kuwa Galana, kisha Sabaki, na kumiminika Bahari Hindi kaskazini mwa Malindi. Wanafunzi wa isimu hawana haja ya kuelezwa jina la Sabaki. Ndilo walilopewa kundi zima la lugha za Kibantu ambamo Kiswahili ni ndugu wa Kimijikenda, Kipokomo na Kingazija, na Derek Nurse na Thomas Hinnebusch walilipa kitabu kizima mwaka 1993. Yaelekea ni wachache miongoni mwa wanaolitaja jina hilo darasani wanaokumbuka kwamba bafu la Fedha humwaga maji yake katika mto huohuo.

Iwapo maji yote yangefika Ruai na kukaa huko siku zake, mto ungepokea maji yaliyotakata nusu. Mengi hayafiki. Hupenya kwenye mabomba yaliyopasuka, mashimo yaliyoziba na mitaa isiyo na mabomba kabisa, yakaingia Mto Ngong na vijito vyake moja kwa moja. Yako pia yanayotekwa njiani kwa makusudi. Huko Maili Saba, upande wa Njiru, watafiti walishuhudia mwanzoni mwa miaka ya 2000 wakulima wakiziba bomba kuu ili majitaka yafurike kwenye mashamba ya mahindi na mboga. Wenye mamlaka huuita wizi na uharibifu. Hata hivyo mkulima yule amefahamu jambo ambalo mipango ya jiji haijalifahamu, yaani kwamba maji yale ni mali na mbolea imo ndani yake bila malipo. Kosa lake ni kuyachukua mapema mno, kabla ya jua kuyagusa. Sukuma iliyonyweshwa hapo huuzwa sokoni Eastlands, na haiyamkiniki kwamba haifiki Fedha. Kwa hiyo swali la kama Nairobi itumie tena majitaka limekwisha kujibiwa na jembe. Nairobi inayatumia. Inayatumia yakiwa mabichi, na yale yaliyoiva inayamwaga.

Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wake wa mwaka 1989 lilisema kuwa maji ya kunyweshea mboga zinazoliwa mbichi yasiwe na zaidi ya bakteria 1,000 wa kinyesi katika mililita 100, wala zaidi ya yai moja la mnyoo kwa lita. Mabwawa yaliyojengwa sawasawa na kutunzwa sawasawa hukifikia kiwango hicho kwa jua peke yake. Kenya nayo ilitunga mwaka 2006 kanuni za ubora wa maji zenye masharti ya maji ya kumwagilia. Ziliandikwa kwa Kiingereza, lugha ambayo mkulima wa Maili Saba halimi kwayo.

Suala la lugha si la pembeni katika jambo hili. Hebu litazamwe neno mfereji. Mkaazi wa Nairobi akisema "maji ya mfereji" anamaanisha maji ya bomba, yale ayanywayo. Mwenzake wa Dar es Salaam akisikia hivyo hushtuka, kwa kuwa kwake mfereji ni njia ya maji iliyochimbwa ardhini, na mara nyingi ni ya maji machafu, kile ambacho Nairobi huita mtaro. Neno moja limebeba kikombe na taka kwa pamoja, na mpaka wa nchi ndio uamuao kipi kinywewe. Litazamwe pia neno taka. Pembeni yake katika kamusi lipo takata, kuwa safi, na takasa, na takatifu. Kama kuna ukoo kati ya uchafu huo na usafi huo, wanaetimolojia waamue. Sikio la mzungumzaji wa kawaida, kwa vyovyote vile, limezoea kuyasikia pamoja, na halioni ajabu taka ikitakaswa.

Nchini Singapore, mpango wa kurejesha maji yaliyotumika ulipozinduliwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, wahusika walianza na msamiati. Waliacha kuyaita maji machafu, wakayaita maji yaliyotumika, na bidhaa ya mwisho wakaipa jina lenye maana ya maji mapya. Wapo watakaosema kuwa huo ni ujanja wa biashara. Lakini umma ambao umezoezwa kuita kitu taka hauwezi kulaumiwa ukikikataa. Kiswahili hakina upungufu hapa. Kina mama wa Fedha, kabla mhandisi yeyote hajafika, wanatenganisha maji ya choo na maji ya sabuni. Maji yaliyofulia nguo hupigiwa deki, na yaliyopigiwa deki humwagwa chooni. Ndoo moja hufanya kazi tatu. Vitabu vya uhandisi vina istilahi za kigeni za kutofautisha aina hizo mbili za maji, na tayari wapo wanaopendekeza tafsiri sisisi za rangi, maji ya kijivu na maji meusi, tafsiri ambazo hazimwambii mtu chochote. "Maji ya sabuni" lipo, linaeleweka, na lina povu ndani yake.

Maji hayo ya sabuni ndiyo yanayoweza kuanzia kazi pale pale mtaani. Chukulia ghorofa lenye nyumba 30, kila nyumba watu watatu, na kila mtu akitumia lita 50 kwa siku, kiasi cha mtu anayejibana. Hizo ni lita 4,500. Karibu nusu yake ni maji ya kuoga, kufua na kuoshea vyombo. Upande wa pili, watu hao 90 wakivuta choo mara nne kwa siku, na tangi la choo likimeza lita sita kila mara, choo peke yake hunywa lita 2,160. Maana yake ni kwamba maji ya sabuni ya ghorofa moja, yakichujwa, yanakaribia kutosha vyoo vyote vya ghorofa hilo, na lori la maji likaja kuleta maji ya kunywa na kupikia badala ya kuleta maji ya kusukuma kinyesi.

Kuyapandisha tena hadi tangi la paani si kazi kubwa kama inavyodhaniwa. Kunyanyua lita 2,160 kwa mita 20 huhitaji, hata kwa pampu yenye kupoteza nguvu nyingi, takriban theluthi moja ya yuniti ya stima. Paneli moja ya kawaida ya wati 300 huzalisha zaidi ya hapo maradufu kwa siku yenye jua. Paneli mbili tatu zaidi zitatosha kupuliza hewa kwenye tangi la kusafishia na kuwasha taa ya urujuanimno ya kuua viini. Wala hakuna haja ya betri za bei ghali. Jua likiwaka maji yapande, na usiku yateremke yenyewe. Tangi la paani ndilo betri. Kanuni za serikali za mwaka 2012 ziliwahi kuyataka majengo yanayotumia zaidi ya lita 100 za maji moto kwa siku yaweke mitambo ya kuyachemshia kwa jua. Kama jua liliweza kutungiwa kanuni kwa ajili ya kuoga maji ya moto, ni vigumu kueleza kwa nini lisitungiwe kwa ajili ya kupata maji yenyewe.

Yapo mambo yanayofaa kusemwa bila kuficha. La kwanza ni kwamba watu huchanganya usafishaji huu na ule wa chupa. Njia ya kuweka maji ndani ya chupa angavu ya plastiki na kuianika juani kwa saa sita inajulikana vizuri Kenya. Ilifanyiwa majaribio miongoni mwa watoto wa Kimaasai wa Kajiado, matokeo yakachapishwa mwaka 1996 yakionyesha kuharisha kumepungua, na baadaye ikaenezwa Kibera. Ni njia njema, lakini ni ya maji maangavu yenye viini, wala haikubuniwa kwa maji ya mtaroni. Anayeanika maji ya sabuni kwenye chupa na kuyanywa anajitafutia balaa.

La pili ni zito zaidi. Jua linaua bakteria lakini haliui risasi. Msomaji asidhani ni risasi ya bunduki. Ni ile madini laini yenye sumu itokayo kwenye betri kuukuu na rangi. Haliui kromi ya viwanda vya ngozi wala zebaki. Mabomba ya Nairobi hubeba maji ya choo na maji ya viwanda kwa pamoja, nayo yakifika Ruai hayatenganishiki. Maadamu viwanda vinamwaga vitakavyo, hakuna mtu mwenye dhamiri atakayemshauri mkulima ayategemee maji ya Ruai kwa mboga hata yakiwa hayana bakteria hata mmoja. Basi kutenganisha majitaka ya viwanda kungepaswa kutangulia paneli, picha na hotuba za uzinduzi. Mpango wa kuufufua Mto Nairobi uliozinduliwa Machi 2025 umetaja mabomba makuu mapya na upanuzi wa mtambo wa Kariobangi. Mabomba yakiendelea kuchanganya kiwanda na choo, upanuzi utaongeza ujazo wa sumu.

Kuna na ardhi. Mabwawa ya jua huhitaji nafasi, na nafasi karibu na Nairobi ina wenye kuimezea mate. Mwaka 2020 serikali ilitangaza kuirejesha mikononi mwa umma ardhi kubwa ya Ruai iliyokuwa imeshikwa na watu binafsi. Kila ekari inayomegwa kutoka kwenye mabwawa hupunguza siku ambazo maji hukaa chini ya jua, na siku zikipungua viini husalia. Kwa hesabu hiyo, hatimiliki ya ploti ya Ruai yaweza kuwa kipindupindu kwa mtu wa Ukambani.

Kuhusu utwahara, wengine hudhani kwamba Waislamu, ambao ni wasomaji wa tangu hapo wa lugha hii, hawatayakubali maji ya namna hiyo. Baraza la wanazuoni wakuu wa Saudi Arabia lilikwisha kulitazama suala hili mwaka 1978, likaona kuwa maji yaliyosafishwa hadi kuondokewa na rangi, ladha na harufu ya najisi hurudi kuwa maji safi, mradi yasidhuru afya. Jiji la Windhoek nchini Namibia limekuwa likiwanywesha watu wake maji yaliyorejeshwa tangu mwaka 1968, kabla ya wahandisi wengi wa leo kuzaliwa. Fedha haiombwi ifike huko. Inaombwa isivute choo kwa maji ya kunywa.

Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya maji safi na salama kwa kiasi cha kutosha, na katiba hiyohiyo imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Vifungu hivyo viwili havijakutanishwa. Mwongozo wa mkulima wa kando ya mto, masharti ya mwenye ploti anayetaka kutenganisha mabomba, maelezo ya fundi wa kutunza kichujio kila juma, vyote hivyo ni kazi ya tafsiri na ya uandishi inayowasubiri watu waliofunzwa tafsiri na uandishi. Idara za Kiswahili hutoa tasnifu kila mwaka kuhusu istilahi, na nyingi huishia rafuni. Tasnifu moja ingeweza kuishia Maili Saba, ikisomwa kwa sauti chini ya mti na watu ambao mikono yao ingali na tope, wakiikosoa kila neno wasilolielewa.

Hata ghorofa la Fedha litakalotangulia kuweka mabomba mawili, moja la maji ya kunywa na jingine la maji yaliyorejeshwa, litahitaji kibandiko kando ya kila mfereji wa pili. Nacho sharti kieleweke na mtoto wa miaka saba aliyetumwa kuchota maji mama akiwa kazini. Maneno matano yanatosha: Maji haya si ya kunywa.